Kofia Kwenye Vumbi

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba pikipiki zilikuwa zinapunguza mwendo mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Ilikuwa Januari, mwezi ambao upepo wa jangwa huushukia mji wetu wa Wagadugu na kuufunika wote kwa vumbi. Jua huwa limekwisha kuchomoza, lakini linaonekana kama sahani ya bati iliyosahauliwa jikoni. Nilikuwa juu ya baiskeli yangu ya bluu. Mdogo wangu Azeta alikuwa amekaa nyuma kwenye keria, amenishika kiuno. Tulikuwa tunaenda shule kama siku zote. Pembeni yetu pikipiki zilipita nyingi, zikipiga honi, zikichomekea, zikitupulizia moshi. Halafu, tulipokikaribia kivuko cha waenda kwa miguu, zikanyamaza. Moja baada ya nyingine zilipunguza mwendo. Pale hapana taa wala askari. Waendeshaji wengine waliinamisha vichwa, wakapita polepole kama watu wanaopita mbele ya nyumba yenye msiba.

"Dada, mbona wamenyamaza?" Azeta aliniuliza.

"Sijui. Shika vizuri."

Nilisema sijui, lakini nilikuwa nimekwisha kuona. Ndani ya vumbi, juu ya mistari myeupe iliyofifia, palikuwa na kofia. Ilikuwa kofia pana ya ukili, yenye ngozi nyekundu kileleni. Chini ya kofia palikuwa na koti refu la kijani. Chini ya koti sikuona kitu, kwa maana vumbi huwa zito zaidi karibu na lami.

Kofia ile niliijua. Koti lile nililijua. Mwenyewe tulikuwa tumemzika kabla ya Krismasi.

Alikuwa anaitwa Babu Nobila. Tangu nianze shule nilimkuta amesimama pale kivukoni na fimbo yake. Hakuna aliyemtuma. Zamani alikuwa mlinzi wa ghala, mpaka mguu wake wa kushoto ulipokataa kazi. Baada ya hapo akasema hawezi kukaa nyumbani kutazamana na kuku.

Barabara yetu ni pana. Katikati wanapita wenye magari, na kila upande kuna njia nyembamba ya baiskeli na pikipiki, iliyotengwa kwa ukingo wa saruji. Anayetaka kuvuka anapita kwanza pikipiki, kisha magari ya kwenda, kisha magari ya kurudi, kisha pikipiki tena. Babu Nobila alikuwa anakohoa, anainua fimbo, anapaza sauti yake ya kukwaruza: "Wenye magurudumu, ngojeni wenye miguu!" Nao walingoja. Sisi wa baiskeli alitushusha. "Kwenye kivuko hakuna baiskeli," alituambia. "Shuka, sukuma. Hapa wewe ni mwenda kwa miguu kama mimi."

Alikufa pale pale. Asubuhi moja ya vumbi, mtu wa pikipiki aliona uvivu kuzunguka mpaka kwenye taa. Akaingia kwenye njia ya pikipiki kinyume, akitokea upande ambao hakuna anayeutazama. Taa hakuwasha. Babu alikuwa ametazama kushoto, pikipiki zinakotakiwa kutokea, kwa maana kwetu vyombo hupita upande wa kulia. Ile ilitokea kulia. Mwenye pikipiki alikimbia, na mpaka leo hajulikani.

Sasa kofia yake ilikuwa imesimama kivukoni.

Nilikanyaga pedali kwa nguvu, nikapita bila kuvuka. Tulivukia mbele sana, kwenye taa, tukachelewa, na mwalimu akatupa kazi ya kufagia darasa.

Wakati wa mapumziko Salfo, mvulana wa darasa letu, alikuwa amekwisha kukusanya watu chini ya ukuta.

"Mimi nimemwona jana na leo," alisema. "Hana miguu. Nimeangalia vizuri. Koti linaishia hewani."

"Mwongo wewe! Hata kwenye mtihani ulisema umeangalia vizuri, ukapata sifuri," mmoja alimkatiza.

"Haya, muulizeni Talato, anapita njia ile ile. Talato, umemwona au hukumwona?"

Wote walinigeukia. Sipendi kutazamwa na watu wengi. Nilitikisa kichwa kukubali.

"Mmeona?" Salfo alipiga makofi. "Hata bubu ameshuhudia!"

Walicheka, lakini si kwa muda mrefu. Msichana mmoja aliuliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini anarudi?"

"Kwa sababu hajafanyiwa msiba mkubwa, ule wa kumuaga," Salfo alijibu. "Wanamngoja mwanawe arudi kutoka Kodivaa, kwenye mashamba ya kakao. Mtu asiyefanyiwa msiba mkubwa hana pa kwenda. Basi amerudi kazini kwake. Anatafuta wa kumpokea zamu. Akikugusa tu, zamu ni yako."

Kuanzia siku ile watoto wa mtaa wetu hawakukitumia tena kivuko. Walivukia chini zaidi, mkabala na bohari la saruji, mahali ambapo ukingo umevunjika na kuacha pengo. Malori yanayotoka boharini hugeukia pale. Mtu mzima yeyote angetuambia kwamba pale ni pabaya. Lakini asubuhi watu wazima wana haraka zao, na vumbi lilitufunika.

Jioni ile nilipeleka baiskeli kwa Fundi Zerbo ijazwe upepo. Kibanda chake kiko karibu na kivuko. Fundi Zerbo ni Msamo na sisi ni Wamosi, kwa hiyo ni mtani wetu. Mtani haachi kukutukana mpaka mmoja wenu afe, na akifa ndiyo kwanza anazidisha.

"Karibu, mtumwa wangu mdogo," alisema. "Baba yako hajambo? Bado anamaliza ugali kabla wageni hawajanawa?"

"Hajambo."

"Na mtumwa wangu Nobila, umemwona? Nimemzika kwa mikono hii. Nimelala kaburini mwake nikakataa kutoka mpaka waniletee kuku. Na bado amekataa kulala! Mmosi gani huyu? Hata kufa hajui!"

Wanawake waliokuwa wakingoja walicheka. Mmoja alimjibu, "Anarudi kukudai kuku wake, mla mbwa wewe!" Fundi naye alicheka. Lakini alipoinua macho kutazama kivuko, aliendelea kupampu tairi hata lilipokuwa limejaa.

Basi na Fundi amemwona, nilifikiri. Mtu mzima naye amemwona.

Usiku, mama alipokuwa anakoroga ugali wa mtama, nilikusanya nguvu zangu zote.

"Mama, yule anayesimama kivukoni ni nani?"

Mwiko ulisimama.

"Yule ni Babu Nobila," mama alisema.

"Babu Nobila amekufa, mama."

"Nimekuuliza kama amekufa? Yule ni Babu Nobila. Ukimkuta, msalimie. Usimwite kwa jina jingine, na usimkodolee macho usoni. Si adabu. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Mwiko ukaendelea kuzunguka. Sikuuliza tena. Usiku ule nililala nimejifunika kichwa.

Siku iliyofuata Azeta aliamka na macho mekundu kwa ajili ya vumbi, akabaki nyumbani. Nilikwenda peke yangu. Nilitaka kupita kivukoni kwa kasi na kushuka mpaka kwenye pengo. Lakini nilipokaribia nilisikia kikohozi. Kilikuwa kikohozi chake, kile cha mtu anayesafisha koo kabla ya kugombeza. Fimbo ikainuka ndani ya vumbi.

"Wenye magurudumu, ngojeni wenye miguu!"

Maneno yalikuwa yake, lakini sauti ilikuwa nyembamba, kama inayotoka chini ya nguo. Pikipiki zote zilisimama. Mwanamke mwenye beseni kichwani alivuka bila kugeuza shingo, akasema, "Ubarikiwe, baba." Halafu kofia ikageuka upande wangu. Uso ulikuwa umefungwa kitambaa mpaka machoni, kama tunavyofunga wote mwezi ule.

"Wewe wa baiskeli ya bluu. Shuka, sukuma."

Ikaanza kuja. Ilichechemea mguu wa kushoto, vile vile, bega likishuka kila hatua. Nilikanyaga pedali mpaka mnyororo ukalia. Nyuma yangu nikasikia, "Talato!"

Wakubwa husema mfu akikuita jina usiitike. Sikuitika.

Kisha ikaja siku ya vumbi baya kuliko yote. Redio ilisema ndege zimeshindwa kutua. Kutoka mlangoni petu sikuuona mti wa jirani. Mama alitufunga vitambaa usoni, akaniambia, "Nenda polepole, mshike mdogo wako." Azeta alipanda kwenye keria. Sare zetu ni za khaki, na nilipogeuka kumtazama aliniona namtafuta.

"Nipo hapa," alisema. Kweli alikuwa pale, ila alikuwa na rangi ya hewa.

Tulikipita kivuko kando, upande wa maduka. Kofia ilikuwepo. Nilihisi imetuona. Niliendelea mpaka bohari la saruji, nikashuka, nikaanza kusukuma baiskeli, Azeta akiwa bado amekaa nyuma. Tulivuka njia ya pikipiki. Tulifika kwenye pengo. Nilisikia sauti za watoto waliokwisha kuvuka wakicheka upande wa pili. Nilisikia na injini, lakini katika vumbi sauti hutoka kila upande. Nikasimama kusikiliza.

Ndipo nikasikia miguu nyuma yetu.

Niligeuka. Kofia ilikuwa inakuja kando ya ukingo kutoka kivukoni, na koti chini yake. Haikuchechemea. Ilikuwa inakimbia. Babu Nobila hakukimbia hata siku moja katika maisha yake, na sasa alikuwa amekufa na anakimbia. Koti lilikuwa limefunguka kama mabawa, na mkono umenyooka mbele.

"Talato! Simama!"

Azeta alipiga kelele. Nikasukuma baiskeli kwa nguvu zangu zote.

Kulikuwa na honi. Kulikuwa na harufu ya mpira unaoungua. Kitu kiliivuta keria kwa nyuma, mkono ukanishika ukosi, nikaanguka chali juu ya koti la kijani, na Azeta akaniangukia tumboni. Baiskeli yangu iliingia chini ya lori. Ililia kama karanga zinazosagwa.

Kisha pakawa kimya. Mkono ulikuwa bado umenishika. Nilingoja kuhisi baridi. Lakini ulikuwa mkono wa moto, na kucha zake zilipakwa hina. Kofia ilikuwa imebiringika mpaka kwenye ukingo. Kichwani kwa marehemu palikuwa na nywele zilizosukwa mistari.

Alikuwa Tipoko, mke wa mwanawe Babu Nobila.

"Umeumia?" aliniuliza kwa sauti yake mwenyewe. "Mtoto je? Nioneshe miguu. Nioneshe mikono."

Dereva wa lori alishuka.

"Sikuwaona!" alisema. "Wallahi sikuwaona! Nguo zao ni vumbi tupu, baiskeli haina hata kioo chekundu nyuma, ningewaonaje?"

Fundi Zerbo alikuwa amefika mbio, spana mkononi. "Na wewe ungeonekanaje? Tazama taa zako! Umezipaka saruji kama unajenga nyumba!"

Dereva alitazama. Saruji ilikuwa imeganda juu ya taa, na mwanga ulikuwa hafifu, wa njano kama kiini cha yai. Alipitisha kiganja chake juu ya taa moja, na mwanga ukatoka mweupe, ukafika mbali. Akaketi chini barabarani, akashika kichwa.

Wakati ule ule kijana wa pikipiki alitokea kwenye njia ya pikipiki, kinyume, akasimama kutazama.

"Kuna nini hapa?" aliuliza.

"Na wewe unatokea wapi?" mwanamke mmoja alimgeukia. "Njia yako ni ile kule! Huku ndiko mnakotokea kutuua?"

Kijana aliangalia koti la kijani lililokuwa chini. Aliigeuza pikipiki yake, akaisukuma kwa mkono.

Walitupeleka nyumbani kwa marehemu, kwa kuwa kulikuwa karibu. Mama alifika hana viatu. Alitushika vichwa, akatugusa kila mahali, halafu akaanza kufoka.

"Pengo la malori, Talato! Nani alikutuma kwenye pengo la malori? Kivuko kipo, na mtu wa kukuvusha yupo!"

"Ni mfu, mama," nilisema. "Wewe mwenyewe ulisema ni Babu Nobila."

Mama alimtazama Tipoko, akanitazama mimi, akakaa kwenye kigoda.

"Mungu wangu," alisema polepole. "Nilidhani unajua. Mimi nilijua kabla sijaota meno ya pili, kijijini. Nimesahau kwamba wewe umezaliwa kwenye lami."

Akanieleza pale pale. Mtu mzima akizikwa, mke wa mwanawe huvaa nguo zake. Huiga mwendo wake, kikohozi chake na maneno yake, ili nyumba isipoteze mtu ghafla. Kwa Kimore, lugha yetu, anaitwa kurita. Anapokuwa ndani ya nguo zile, yeye ndiye marehemu, na watu wa nyumba na majirani humwita hivyo mpaka msiba mkubwa upite. Kumwita kwa jina lake mwenyewe ni kumvunjia marehemu heshima. Ndiyo maana mama hakuweza kuniambia, "Yule ni Tipoko."

"Lakini ningeweza kukuita kando nikakueleza desturi," mama alisema. "Hilo ningeweza."

Mlangoni alikuwa amesimama Shangazi Sibdu, dada yake Babu Nobila. Ni mwanamke mfupi ambaye hata wanaume wakubwa humwamkia wakiwa wamechuchumaa. Alikuwa ameiokota kofia.

"Nguo hizi ni za uani," alimwambia Tipoko. "Ni za matanga. Nani alikutuma barabarani nazo?"

Tipoko alikuwa amepiga magoti, kiwiko chake kinavuja damu.

"Hakuna, shangazi. Hata yeye mwenyewe hakutumwa na mtu. Baada ya maziko niliwaza, watoto watavuka na nani? Shule zilipofunguliwa nikaenda na kitenge changu. Nikainua mkono. Hakuna aliyesimama. Mmoja aliniambia, 'Mama, nenda kapike.' Kesho yake nikavaa koti na kofia. Nikakohoa." Alicheka na machozi yakamtoka. "Wakasimama wote! Hata mabasi! Lakini watoto ndio walionikimbia. Leo nikamwona Talato anashuka kule kwenye malori na mdogo wake. Nikaacha kuchechemea."

Shangazi Sibdu alipangusa vumbi kwenye kofia, akamvika Tipoko kwa mikono yake miwili.

"Vaa. Msiba haujaisha," alisema. "Lakini barabarani usirudi tena na nguo hizi. Barabara ina wenyewe, na nitawatafuta."

Aliwapata siku ya msiba mkubwa. Mwana wa marehemu alikuwa amerudi kutoka Kodivaa. Watu walikuja kutoka mitaa yote, na pikipiki zilijaa mpaka nje ya ua. Ngoma zilipigwa, pombe ya mtama ikagawiwa. Tipoko alizunguka akichechemea, na wazee walilia na kucheka kwa pamoja walipomwona.

Ilipofika saa ya watu kuondoka, hakuna aliyeona ufunguo wake. Fundi Zerbo na Wasamo wenzake walikuwa wamelala kifudifudi kwenye lango, na katikati yao palikuwa na kibuyu kikubwa kilichojaa funguo.

"Hamwondoki, watumwa!" Fundi alipaza sauti. "Mtumwa wangu Nobila nilimpenda, na mmeniulia. Nataka fidia!"

"Chukua mbuzi," mtu mmoja alisema.

"Mbuzi ana taa? Sitaki mbuzi. Kila mwenye pikipiki alete taa yake niione inawaka. Aape mbele yangu kwamba hatapita njia kinyume, hata kama anafukuzwa na mkewe. Na achague siku yake ya kusimama kivukoni. Asiyetaka ataenda kwao kwa miguu, ajue mwenda kwa miguu anavyoishi!"

Watu walicheka sana. Bwana mmoja mnene, aliyekuja na pikipiki kubwa, hakucheka.

"Zerbo, nina haraka," alisema.

"Na aliyemgonga Nobila alikuwa na haraka," Fundi alijibu, bado amelala chini.

Kwetu ukimkasirikia mtani msibani, umejiaibisha mwenyewe. Yule bwana alisimama kidogo, kisha akavuta mkono wa kanzu yake nyeupe na kuanza kufuta taa ya pikipiki. Wengine wakamfuata. Dereva wa lori naye alikuwepo, alikuja kuomba radhi. Alitoka nje, na tukamsikia anasugua taa zake kwa maji.

Shangazi Sibdu aliomba watu wamsikilize. Alisimama kando ya Tipoko.

"Wengi wenu mlipita kivukoni baada ya kaka yangu kuzikwa," alisema. "Huyu aliposimama kwa uso wake mwenyewe, hamkuona mtu. Aliposimama na kofia ya maiti, mkakumbuka kwamba pikipiki ina breki. Msiniambie hiyo ni heshima kwa Nobila. Huo ni woga. Barabara ni ya mwenye miguu, mwenye baiskeli, mwenye pikipiki na mwenye gari, na mwenye chombo kikubwa ndiye anayemngoja mwenye kidogo. Simameni kwa ajili ya walio hai. Wafu hawavuki barabara."

Kisha alitutafuta sisi watoto kwa macho.

"Na nyinyi, vukeni panapovukwa. Tazameni kushoto na kulia, hata upande ambao hapatakiwi kutokea kitu. Vumbi likizidi, vaeni cheupe. Na mkiogopa jambo, muulizeni mtu mzima mpaka mpate jibu la kutosha. Sisi tukiwajibu nusu, ulizeni tena. Anayekimbia kwa woga hatazami barabara."

Nguo za Babu Nobila zilikunjwa siku ile. Mama alitushonea vipande vya kitambaa cheupe mgongoni mwa sare, na kina mama wengine wakaiga. Fundi Zerbo alifunga vioo vyekundu nyuma ya baiskeli za wanafunzi, huku akitutukana mmoja mmoja. Kivukoni watu wazima walianza kusimama kwa zamu, kila mmoja na nguo zake. Yule bwana mnene alichagua Jumatano, na watoto wanamwogopa kidogo. Siku ya Tipoko ni Jumatatu. Anavaa kitenge, anainua mkono, na pikipiki zinasimama. Si zote. Zile zisizosimama hupigiwa kelele na zile zilizosimama.

Watu wote walisema kwamba sikuliona lori kwa ajili ya vumbi. Mama alisema hivyo. Dereva alisema hivyo. Tipoko mwenyewe alisema hivyo alipokuwa ananipaka mafuta kwenye goti lililochubuka, nami niliwaacha waseme, kwa kuwa mimi si mtu wa maneno mengi. Lakini nililiona. Niliona taa zake mbili za njano zinakuja upande mmoja, na mkono unakuja upande mwingine. Nilikuwa nimesimama katikati, mdogo wangu yuko nyuma yangu, na nilikuwa na muda wa kuchagua. Nilichagua lori.